Wizara tano za Oktoba 1964: ipi ya kuiga, ipi ya kuikwepa

Serikali ikibanwa na tatizo isilolijulia dawa, huliundia wizara. London wana mazoea hayo sawa na sisi. Jina linatangazwa leo, waziri anapewa ofisi kesho, na baada ya miaka mitano majukumu yanagawanywa upya huku wananchi wengi hawajajua wizara ile ilikuwa ya kazi gani.

Ulinganisho huu ni wa mtu mwenye kuchagua. Labda uko kwenye kamati ya ilani ya chama na kila mjumbe anataka wizara ya jambo lake. Labda ni mwanafunzi wa utawala wa umma mwenye insha ya "tuunde au tusiunde". Au ni ofisa uliyepewa wiki moja kuandika andiko la muundo mpya. Nimechukua Uingereza ya Oktoba 1964 kwa sababu Waziri Mkuu mmoja, Harold Wilson, aliunda wizara tano kwa mkupuo: Masuala ya Uchumi, Teknolojia, Ardhi na Maliasili, Maendeleo ya Ng'ambo, na Ofisi ya Wales. Malkia ni yuleyule, Hazina ni ileile, chama ni kilekile. Moja ilikufa kabla ya miaka mitatu, nyingine miaka mitano, mbili zikafika sita, na ile iliyoonekana ndogo kuliko zote ikaishi miaka 35. Kwa anayetaka kujua umbo gani linadumu, sijui mfano mwingine ulio wazi kuliko huu.

Wizara inazaliwaje chini ya taji

Malkia Elizabeth II alikuwa mkuu wa nchi, lakini mwenye kuamua wizara ziwe ngapi na ziitweje ni Waziri Mkuu. Hakuna kitabu cha katiba kinachotaja idadi. Waziri wa ngazi ya juu alipokea mihuri yake kwa Malkia, na majukumu yalihamishwa kutoka wizara hii kwenda ile kwa amri iliyopitishwa mbele ya Malkia na washauri wake, chini ya sheria ya 1946. Bunge lilikuwa na nafasi ya kuhoji, ila kwa kawaida mambo yalipita. Kizuizi cha kweli kilikuwa kingine: sheria iliweka ukomo wa mawaziri wanaoruhusiwa kukaa kwenye Baraza la Makabwela, na Wilson aliuvuka. Ikabidi ipitishwe Sheria ya Mawaziri wa Taji ya 1964, ukomo ukapanda kutoka 70 hadi 91.

Mkenya atalishangaa hili, maana Katiba ya 2010 inataka mawaziri wasipungue 14 wala kuzidi 22, na wala hawatoki bungeni. Lakini mfumo wa taji haukuwa mgeni kwetu. Tanganyika ilikuwa na Malkia huyohuyo kuanzia 9 Desemba 1961 hadi 9 Desemba 1962, na siku Wilson anaingia madarakani, tarehe 16 Oktoba 1964, Kenya bado ilikuwa chini ya Malkia. Jamhuri ilikuja Desemba.

Faida ya mfumo huu ni wepesi: serikali inaweza kuwa na wizara mpya kabla ya wiki kwisha. Hasara yake ni hiyohiyo. Kinachoundwa kwa kauli ya mtu mmoja kinavunjwa kwa kauli ya mtu mmoja.

Masuala ya Uchumi: waziri mzito, mkono mtupu

Hii ndiyo iliyopigiwa mbiu kuliko zote, na ndiyo inayotajwa hadi leo kila mtu anapotaka kupunguza nguvu za Hazina. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Chama cha Labour kilikuwa nje ya madaraka kwa miaka 13, na kiliamini Hazina inaua ukuaji kila unapoanza kuchipua: uchumi ukikimbia kidogo, watu wa Hazina wanakanyaga breki kulinda pauni. Basi igawanywe. Hazina ibaki na bajeti, kodi na mambo ya muda mfupi. Wizara mpya ishike mipango ya muda mrefu, viwanda, mikoa, bei na mishahara.

Wilson alimpa kazi hiyo George Brown, naibu kiongozi wa chama, pamoja na cheo cha Waziri wa Kwanza. Waziri wa Fedha akawa James Callaghan. Wote wawili walikuwa wamegombea uongozi wa chama dhidi ya Wilson mwaka 1963 wakashindwa. Kila mmoja kupewa nusu ya uchumi, na wote kulazimika kwenda kwa Wilson kuamuliwa, ni mpango ambao sioni kama ulitokea kwa bahati. Lakini tuuache ubashiri.

Vichwa havikukosekana. Katibu Mkuu alikuwa Eric Roll, na mkuu wa wachumi Donald MacDougall. Kufikia Desemba 1964 Brown alikuwa amewaketisha waajiri na vyama vya wafanyakazi wakasaini tamko la pamoja kuhusu tija, bei na mapato. Mwaka uliofuata ikaundwa bodi ya bei na mapato, na mabaraza ya mipango ya uchumi yakaanzishwa mikoani. Septemba 1965 ukatoka Mpango wa Taifa: uchumi ukue kwa asilimia 25 kati ya 1964 na 1970, yaani karibu asilimia 3.8 kwa mwaka.

Sasa angalia mambo yalivyofungana. Uchumi ukikua, viwanda na watu wananunua zaidi kutoka nje. Serikali ilikuwa imerithi nakisi ya malipo ya nje ya takriban pauni milioni 800. Pauni ilikuwa imefungwa kwenye dola 2.80, na tarehe 17 Oktoba 1964, siku ya pili tu ofisini, Wilson, Brown na Callaghan walikubaliana kutoishusha. Kwa hiyo kila ukuaji ulipovuta bidhaa za nje, akiba ya fedha za kigeni ilipungua, wenye pauni wakaziuza, na kilichobaki ni kupandisha riba na kukata matumizi. Nani anapandisha riba na kukata matumizi? Hazina pamoja na Benki Kuu. Mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa kwao, Novemba 1964, riba ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 7. Wizara ya muda mrefu ikawa inashindwa na wizara ya muda mfupi kila wiki, kwa sababu matatizo ya muda mfupi hayana subira.

Julai 1966 pauni ikashambuliwa tena. Serikali ikatangaza makato makubwa na kuzuia mishahara kwa miezi sita. Mpango wa Taifa ukafia hapo, haujatimiza hata mwaka. Brown, ambaye sasa alitaka pauni ishushwe, alitaka kujiuzulu, akabembelezwa, na Agosti akabadilishana wizara na Michael Stewart wa Mambo ya Nje. Mwaka mmoja baadaye Wilson akatangaza kuisimamia wizara mwenyewe, Peter Shore akiwa waziri wake. Bei na mishahara vikahamishiwa kwa Barbara Castle, waziri wa ajira, mwaka 1968. Oktoba 1969 wizara ikafungwa.

Watetezi wake husema: kama pauni ingeshushwa mapema, wizara ingeishi. Sikubaliani nao. Pauni ilishushwa Novemba 1967, ikaenda dola 2.40. Je, wizara ilipata nguvu? Callaghan aliondoka Hazina, akaja Roy Jenkins, na Hazina ikawa na nguvu kuliko mwanzo, maana kushusha thamani ya fedha nako kunataka kubana matumizi ili kufanikiwe. Mpango labda ungepona. Wizara isingepona, kwa kuwa haikuwa na kasma hata moja ambayo wizara nyingine zilipaswa kuja kuiomba. Brown alikuwa na sauti kubwa barazani, na sauti ilihama pamoja naye.

Teknolojia: iliyoanza ndogo ikameza wenzake

Ukiangalia siku ya kwanza tu, Wizara ya Teknolojia ilikuwa kichekesho. Waziri wake, Frank Cousins, alikuwa katibu mkuu wa chama kikubwa cha wafanyakazi wa uchukuzi na hakuwa hata mbunge; ilibidi atafutiwe jimbo la Nuneaton kwenye uchaguzi mdogo wa Januari 1965. Wizara ilikabidhiwa viwanda vinne tu: kompyuta, elektroniki, mawasiliano ya simu na mashine za kutengenezea mashine. Wengi waliona ni pambo la hotuba aliyoitoa Wilson huko Scarborough mwaka 1963 kuhusu mapinduzi ya sayansi.

Lakini ilipewa vitu vya kushika. Maabara ya Taifa ya Fizikia kule Teddington, maabara ya uhandisi ya East Kilbride, Mamlaka ya Nishati ya Atomiki, na shirika la kuendeleza uvumbuzi. Hivyo ni majengo, wanasayansi, mikataba na mafungu ya bajeti. Mtu aliyetaka kitu kutoka huko alilazimika kupiga hodi wizarani.

Cousins alijiuzulu Julai 1966 kwa kupinga sera ya mishahara. Tazama tofauti: Brown alipoondoka Uchumi, wizara ilianza kunyauka, Cousins alipoondoka Teknolojia, wizara ilipanda. Akaja Tony Benn. Ikachukua ujenzi wa meli na uhandisi kutoka Bodi ya Biashara, ambayo licha ya jina ilikuwa wizara. Februari 1967 ikaimeza Wizara ya Usafiri wa Anga, pamoja na kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough na mradi wa Concorde. Sheria ya Upanuzi wa Viwanda ya 1968 ikaipa nguvu ya kuwekeza moja kwa moja, na mwaka huohuo ikasaidia kuzaliwa kwa kampuni ya kompyuta ya ICL, serikali ikichukua hisa. Oktoba 1969, siku ambazo wizara ya Uchumi inagawanywa, Teknolojia ilichukua sehemu ya urithi wake na kuongeza Wizara ya Nishati juu yake.

Isije ikaonekana naisifu bila kipimo. Ilikuwa kubwa mno hata ikawa vigumu kusema ni wizara ya nini. Wizara yenye atomiki, meli, makaa ya mawe na ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti inapoteza muda mwingi kuzima moto wa jambo moja, na Concorde ilikuwa moto usiozimika: gharama zinapanda, na mkataba na Ufaransa hauruhusu kutoka. Zile kompyuta na mashine za mwanzo, ambazo ndizo zilikuwa sababu ya wizara kuwepo, zilipata sehemu ndogo ya muda wa waziri.

Edward Heath wa chama cha Conservative alishinda uchaguzi Juni 1970, na Oktoba akaiunganisha na Bodi ya Biashara ikawa Wizara ya Biashara na Viwanda. Jina likafa. Mwili haukufa. Idara zilezile, watumishi walewale na maabara zilezile ziliendelea chini ya bango jipya, na ukifuata nasaba utafika kwenye wizara za leo. Mwaka 2023 Rishi Sunak alipounda Wizara ya Sayansi, Ubunifu na Teknolojia, Maabara ya Taifa ya Fizikia ilikuwa bado ipo palepale Teddington.

Ardhi na Maliasili: miezi 28

Hii ndiyo yenye mafunzo makali kwa watu wa kwetu, maana ardhi ni ardhi. Labour iliahidi kuzuia ulanguzi: mtu ananunua shamba pembeni ya mji, halmashauri inaruhusu nyumba kujengwa, bei inapanda maradufu na zaidi, na mwenye shamba anaweka faida mfukoni bila kutia jembe. Tume ya Ardhi ingenunua ardhi hiyo na kutoza faida itokanayo na kibali.

Fred Willey akapewa wizara. Tatizo: thamani ya ardhi inapanda kwa kibali cha mipango miji, na mipango miji ilikuwa Wizara ya Nyumba na Serikali za Mitaa, chini ya Richard Crossman. Katibu Mkuu wa huko alikuwa Evelyn Sharp, mwanamke wa kwanza Uingereza kushika ukatibu mkuu wa wizara, na hakuwa mtu wa kunyang'anywa kitu. Alikataa mipango miji isiondoke, na haikuondoka. Willey akabaki na ardhi isiyo na kibali, sawa na kumiliki bomba lisilo na koki.

Hata hivyo alifikisha muswada. Sheria ya Tume ya Ardhi ilipata idhini ya Malkia Februari 1967, tozo ikawekwa asilimia 40, na mwezi huohuo wizara ikavunjwa, kazi zake zikaenda Nyumba na Serikali za Mitaa. Wengine huihesabu kama aibu. Mimi naona kati ya wizara tano hii ndiyo iliyofanya kazi iliyotumwa, ikaisha. Tume yenyewe ilikuja kufutwa na serikali ya Heath mwaka 1971, lakini hilo ni la uchaguzi, si la muundo.

Maendeleo ya Ng'ambo: iliyokufa na kufufuka

Kabla ya 1964 misaada ya Uingereza ilitawanyika: Wizara ya Makoloni, ya Jumuiya ya Madola, ya Mambo ya Nje, na idara ya ushirikiano wa kiufundi iliyoundwa 1961. Wilson aliikusanya kwa Barbara Castle na kumpa kiti katika Baraza la Mawaziri. Katibu Mkuu akawa Andrew Cohen, na Waganda wanamjua huyo kwa sifa nyingine: ndiye gavana aliyemfukuza Kabaka Mutesa II nchini mwaka 1953. Mwaka 1965 wizara ilianza kutoa mikopo isiyo na riba kwa nchi maskini, na hilo lilikuwa jambo kubwa.

Udhaifu wake unaonekana vizuri ukitazama kutokea Dar es Salaam. Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia Novemba 1965, Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza Desemba, kwa azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani ukazuiwa. Wizara ya maendeleo inaweza kuwa na nia njema kiasi gani, lakini uamuzi wa nani apewe na nani anyimwe katika saa kama hiyo ni wa siasa za nje, na siasa za nje zina wizara yake.

Castle alihamishwa Desemba hiyohiyo kwenda Uchukuzi. Wakafuata mawaziri wanne katika miaka minne na nusu, na Reg Prentice alipoishika mwaka 1967 hakuwa na kiti barazani. Novemba 1970 Heath akaiingiza ndani ya Mambo ya Nje. Mwaka 1974 Labour ikaitoa, 1979 Thatcher akairudisha, 1997 Blair akaitoa tena, na Septemba 2020 Boris Johnson akaimeza mara ya mwisho hadi sasa. Ile ya 1997 iliishi miaka 23, na tofauti kubwa ninayoiona ni sheria: mwaka 2002 Bunge lilipitisha kwamba misaada sharti ilenge kupunguza umaskini, na 2015 likaweka kiwango cha asilimia 0.7 ya pato la taifa kisheria. Wizara ya 1964 haikuwa na kinga ya namna hiyo.

Ofisi ya Wales

Haina hadithi ndefu, na hiyo ndiyo sifa yake. Jim Griffiths alianza Cardiff na nyumba, barabara na serikali za mitaa. Ikaongezwa afya 1969, elimu ya msingi na sekondari 1970, na kadhalika kidogo kidogo. Ilikuwa na eneo lake na wapiga kura wake, na hakuna waziri mkuu aliyetaka kwenda kuwaeleza Wawelshi kwamba imefutwa. Ilikoma 1999 kwa kuwa Wales ilipata bunge lake.

Ukiziweka pamoja

Kwenye fedha, Teknolojia na Wales zilikuwa na mafungu ya kutumia, Ng'ambo ilikuwa na fungu ambalo wengine walilikodolea macho, Ardhi ilikuwa na tozo ambayo ilianza baada ya yenyewe kufa, na Uchumi haikuwa na kitu. Kwenye sheria, Ardhi ilikuwa na moja iliyo wazi, Teknolojia ikapata yake mwaka wa nne, Uchumi ilikuwa na tamko la hiari na mpango usio na nguvu ya kumlazimisha mtu. Uzito wa waziri ndio unaodanganya watu. Brown alikuwa mzito kuliko Cousins, Willey na Griffiths wakiwekwa pamoja, na wizara yake ilikaa muda mfupi kuliko ya Cousins na ya Griffiths.

Kigezo ambacho watu hukisahau ni wizara ya zamani iliyonyang'anywa. Hazina ilipoteza karatasi za mipango, ikabaki na daftari la hundi; ilisubiri tu. Wizara ya Nyumba haikupoteza kitu, kwa hiyo ilishinda siku ya kwanza. Usafiri wa Anga ilimezwa, haikubaki na mtu wa kusubiri mlangoni.

Gharama pia. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza iliwahi kuhesabu mabadiliko ya muundo wa serikali kati ya Mei 2005 na Juni 2009, ikakuta zaidi ya 90, kwa wastani wa takriban pauni milioni 15 kwa badiliko. Humo ndani wamo akina wizara ya Mei 2005 iliyopewa jina la Tija, Nishati na Viwanda. Kifupi chake kilichekwa sana, jina likadumu wiki moja, ikarudia la zamani.

Wewe uchague ipi

Kama unachotaka ni kuratibu, yaani wizara zote ziangalie vijana, au lishe, au uchumi wa buluu, usipendekeze wizara. Utakuwa unaandika barua za kukumbusha. Omba kitengo ndani ya Hazina au ofisi ya mkuu wa serikali, mahali bajeti inapokatwa, na uridhike kwamba jina lako halitaonekana. Najua kamati hazipendi ushauri huu, kwa sababu kitengo hakina waziri wa kutangazwa.

Kama jambo lako lina leseni, maabara, mapato au mali ya kusimamia, njia ya Teknolojia ndiyo ya kuiga: anza na vichache unavyovishika kweli, kisha ongeza. Tanzania ilipoimega Wizara ya Nishati na Madini Oktoba 2017, upande wa madini uliondoka ukiwa na sheria iliyotoka kufanyiwa marekebisho na Tume ya Madini yake. Wizara ya hivyo ina cha kufanya Jumatatu asubuhi hata waziri akibadilishwa Jumapili. Ila andika kwenye andiko lako mambo ambayo wizara hiyo haitayachukua. Benn hakuwa na orodha hiyo.

Kama una muswada mmoja mgumu na wizara mama haiutaki, umbo la Ardhi linafaa, kwa masharti mawili. Kibali, leseni au mamlaka ambayo muswada unaitegemea ihamie kwako kabla ya kutangazwa, na ukubali mapema kwamba utafunga ofisi. Usiajiri watu kwa mikataba ya miaka kumi.

Kama ni fungu la fedha ambalo wenye nguvu watalitamani, kwa mfano mfuko wa mikoa, wa maafa, wa watu walioko nje ya nchi, basi tangulia na sheria kabla ya wizara. Sheria ikitaja lengo la fedha, hata wizara ikimezwa, atakayeimeza atalazimika kulijibia lengo hilo.

Umbo la Wales sikushauri uliige kama huna eneo la kweli lenye watu wanaojiona wamoja. Wizara ya "kanda maalumu" iliyochorwa na wataalamu kwenye ramani haitapata ulinzi huo.

Yupo pia mtu ambaye kazi yake ina tarehe ya mwisho. Huyo asisome 1964, asome 2016. Julai mwaka huo Theresa May aliunda wizara ya kuitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya. Ilikuwa na lengo moja lisilo na utata, kuliko hata Ardhi. Lakini Septemba 2017 mpatanishi mkuu, Olly Robbins, alihamishwa kutoka humo kwenda Ofisi ya Baraza la Mawaziri, karibu na Waziri Mkuu, na mazungumzo yakamfuata. David Davis akajiuzulu Julai 2018, Dominic Raab Novemba, na Stephen Barclay akaishika hadi ilipofungwa 31 Januari 2020, siku nchi ilipotoka. Kwa kazi ya namna hiyo, andiko lako lijibu swali moja kabla ya jina, nembo na idadi ya wakurugenzi: nani atakaa mezani na upande wa pili, na anaripoti kwa nani. Jibu likiwa ni Waziri Mkuu, wizara haihitajiki. Likiwa ni waziri, mpatanishi apangiwe chumba jirani na cha waziri huyo tangu siku ya kwanza, na asihamishwe.